Sidi Mubarak Bombay: Mkalimani wa ziwa letu

 

Wengi wenu mmezoea kusoma katika safu hii habari za masahaba, maimamu na wanazuoni. Ijumaa hii tumeona tuzungumze habari za mtu wa namna nyingine. Huyu hakuwa mwanazuoni, hakuandika kitabu, wala hakuacha msikiti unaoitwa kwa jina lake. Kazi yake ilikuwa kutembea kwa miguu na kusema kwa niaba ya watu wengine. Hata hivyo, kila anayeteremka Mwigobero asubuhi kununua samaki, na kila anayepanda kivuko pale Kisorya kuelekea Ukerewe, yuko mbele ya maji ambayo habari zake zilifika Ulaya kwa kupitia ulimi wa mtu huyo. Jina lake ni Sidi Mubarak, na dunia ilimjua zaidi kwa jina la Bombay, jina la mji mkubwa wa bandari wa India ambao tangu mwaka 1995 unaitwa rasmi Mumbai.

Vipi mtoto wa Kiyao, aliyezaliwa karibu na mto Ruvuma, akaitwa kwa jina la mji ulio ng'ambo ya bahari? Hapo ndipo habari yake inapoanzia, na si habari nyepesi kwetu sisi Waislamu wa Afrika Mashariki.

Alizaliwa takribani mwaka 1820, katika nchi ya Wayao ambayo leo imekatwa na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Alipofikia umri wa miaka kumi na miwili hivi, waliingia kijijini kwao wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani, wakiwa na watumwa wao, panga na bunduki. Wafanyabiashara hao walikuwa na madai ya zamani, kwani siku za nyuma waliacha nguo kwa mkopo, na sasa wakataka walipwe papo hapo. Kijiji hakikuwa na cha kulipa. Waliowahi kukimbia walikimbia, wengine waliuawa, na waliosalia walifungwa kamba na minyororo wakaswagwa hadi Kilwa. Mubarak alikuwa miongoni mwa waliofungwa. Kutoka Kilwa walipakiwa katika chombo hadi Zanzibar, wakasimamishwa sokoni, naye akanunuliwa na kuvushwa bahari hadi India ya Magharibi. Hayo aliyasimulia mwenyewe alipokuwa mtu mzima, na aliyemsikiliza akayaandika katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1864.

Ndugu msomaji, tusipite hapa haraka. Wapo wenzetu ambao kila inapotajwa biashara ya watumwa hutafuta pa kuisukumia, mara kwa Wareno, mara kwa Wafaransa waliokuwa na mashamba ya miwa katika visiwa vya bahari ya Hindi. Hao nao walikuwa na sehemu yao, na si ndogo. Lakini waliomfunga kamba mtoto huyu walikuwa watu wa pwani, wenye majina kama yetu. Na katika fiqhi, mdaiwa aliyeshindwa kulipa hupewa muda, hageuzwi bidhaa. Na kumuuza mtu huru ni katika madhambi makubwa ambayo mafakihi hawakuhitilafiana juu yake. Walichofanya wale hakina mlango wa kuingilia katika sheria. Tunasema hivyo kwa sababu watoto wetu shuleni huulizwa maswali haya na wenzao, na mtoto asiyeambiwa kweli nyumbani atakwenda kuambiwa nusu yake huko nje.

Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa na yeyote. Mubarak, yaani aliyebarikiwa, ni jina la Kiislamu la aina waliyopewa watumwa wengi wa zama hizo, kama Mabruki, Baraka na Almasi. Na neno Sidi lina safari yake. Asili yake ni Kiarabu, sayyidi, yaani bwana wangu. Lilipofika India likageuka kuwa jina la watu wote wenye asili ya Afrika waliokaa huko, mabaharia, askari na watumwa. Hadi leo katika majimbo ya Gujarat, Karnataka na Maharashtra wako Masidi, raia wa India ambao babu zao walitoka bara letu. Wengi wa wale wa Gujarat ni Waislamu, na mpaka sasa wana ngoma yao wanayoiita goma. Msomaji ataona mwenyewe neno hilo limetoka wapi.

Wala Masidi wote hawakuwa watu wa kutumwa. Kusini kidogo ya Bombay, juu ya mwamba ulio baharini, ipo ngome ya Janjira, ambayo watawala wake walikuwa Masidi na hawakuwahi kung'olewa humo kwa nguvu hata na majeshi makubwa ya zama zao. Mmoja wao, Sidi Yaqut Khan, aliingia Bombay mwaka 1689 na majeshi yake, akawazingira Waingereza ndani ya ngome yao, wala hakuondoka hadi mwaka uliofuata, baada ya Waingereza kuomba suluhu kwa mfalme Aurangzeb na kukubali kulipa fidia. Kwa hiyo mtu mwenye asili ya Afrika aliwahi kuushika mji ule kwa pumzi ya mwisho, zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuzaliwa mtoto wa Kiyao atakayebeba jina lake.

Mji wenyewe ulikuwa visiwa saba. Masultani wa Gujarat waliwaachia Wareno mwaka 1534, wale wale ambao kwa upande wetu walikwisha kuipiga Kilwa na Mombasa. Mwaka 1661 mfalme wa Ureno akavitoa visiwa hivyo kuwa mahari ya binti wa ukoo wake aliyeolewa na mfalme Charles wa Pili wa Uingereza. Na huyo naye, mwaka 1668, akawakodisha Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki kwa pauni 10 kwa mwaka. Mji wa watu ukapita kutoka mkono hadi mkono kama kitanda cha arusi. Baadaye bahari baina ya visiwa ikajazwa udongo, vikawa ardhi moja, na bandari ile ikawa ndiyo mlango wa Waingereza katika bahari ya Hindi yote. Balozi wao aliyekaa Zanzibar alikuwa akiandikiana na serikali ya Bombay. Kaniki iliyovaliwa na bibi zetu ilitoka pande hizo za India, na rupia ambayo babu zetu huku Mara waliilipia kodi ya Mjerumani ilikuwa na asili yake India.

Sisi tulijaaliwa kufika Mumbai tukimsindikiza mgonjwa wetu, kama zinavyofika familia nyingi za Tanzania zinazokwenda India kwa matibabu. Siku ambazo mgonjwa alipumzika tulizunguka. Msikiti wa Ijumaa, uliokamilika mwaka 1802, umejengwa juu ya birika kubwa la zamani lenye maji na samaki ndani yake, na watu hutia udhu humo. Kwa upande wa Mahim lipo kaburi la Makhdum Ali Mahimi, aliyefariki mwaka 1431, mwanazuoni aliyeandika tafsiri ya Qur'ani kwa Kiarabu karne mbili na zaidi kabla ya Mwingereza kukanyaga pale. Lipo pia kaburi la Haji Ali, ndani ya bahari, ambalo njia yake hufunikwa na maji yanapojaa. (Hatuingii hapa katika mjadala wa kuzuru makaburi ya mawalii, una mahali pake.) Ipo na ile lango kubwa la mawe ufukweni, Gateway of India, iliyofunguliwa mwaka 1924 kwa kumbukumbu ya mfalme wa Uingereza kuteremka hapo, na ambayo kikosi cha mwisho cha askari wa Kiingereza kiliipita kuondoka India mwaka 1948.

Lakini kilichotusimamisha zaidi ni kituo cha treni. Ni jengo la fahari la karne ya kumi na tisa, na kwa zaidi ya miaka mia moja liliitwa kwa jina la malkia Victoria. Wenyeji walilibadili mwaka 1996, wakaliita kwa jina la Shivaji, mfalme wao wa zamani. Mtu wa Musoma akisimama mbele ya jengo lile hawezi kuacha kufikiri. Malkia yule yule ndiye aliyeandikwa juu ya ziwa letu, na juu ya ziwa bado yupo. Na mtu aliyekuwepo siku jina hilo lilipopata sababu ya kuwekwa alikuwa na jina la mji ule.

Turudi kwake. Mubarak alimtumikia bwana wake India kwa miaka mingi, na wanaotaja mahali hutaja pande za Kutch na Gujarat. Huko ndiko alikopata kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya, nacho ni lugha. Alijifunza Kihindustani, lugha ya masokoni na kambini iliyotumika India kaskazini na magharibi. Bwana wake alipofariki, Mubarak akapata uhuru wake. Kumwacha huru mtumwa ni ibada iliyohimizwa mno katika dini yetu, hata ikawekwa katika kafara za makosa na katika mafungu ya zaka. Aliyekuwa huru sasa akapanda chombo, akarudi Zanzibar na pepo za kaskazi.

Zanzibar hakukuwa na wa kumpokea. Kijiji kilikwisha kuvunjwa. Akaingia katika askari wa Sultani, akapangwa katika ngome ndogo ya Chogwe, upande wa mto Pangani, pamoja na askari wa Kibaluchi. Ujira ulikuwa mdogo na njaa ilikuwa kubwa. Pengine angemalizia umri wake hapo kama si mwaka 1857, walipopita ngomeni maofisa wawili wa jeshi la Kampuni ya India, Richard Burton na John Hanning Speke. Hao walikuwa wametoka Bombay kwa merikebu mwezi Desemba 1856, wametumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kutafuta maziwa ya bara na chimbuko la mto Nile.

Burton alikijua Kiarabu vizuri. Speke hakukijua Kiarabu wala Kiswahili. Lugha pekee aliyoweza kuzungumza na mtu wa huku ilikuwa Kihindustani chake cha kijeshi, tena cha kuungaunga. Na hapo Chogwe akamkuta mtu mweusi, mfupi, mchangamfu, anayemjibu kwa Kihindustani! Tangu siku hiyo Mubarak akawa masikio na kinywa cha Speke. Burton naye alimsifu kwa uaminifu na kwa kufanya kazi bila kuchoka, ingawa Mubarak mwenyewe hakuwadanganya. Aliwaambia waziwazi kwamba bidii yake si kwa sababu ya kuwapenda, ni kwa ajili ya tumbo lake. Sisi twaona katika jibu hilo heshima ya mtu aliyekwisha kuonja kufanya kazi bila ujira.

Msafara ulitoka pwani katikati ya mwaka 1857, ukafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba, na Ujiji mwezi Februari 1858. Wazungu wote wawili waliugua vibaya; Burton hata kutembea hakuweza, na Speke aliingia Ujiji akiwa karibu kipofu. Waliporudi Kazeh, Waarabu wa hapo waliwapa habari za ziwa jingine upande wa kaskazini, kubwa kuliko Tanganyika. Burton akabaki Kazeh. Speke akaondoka mwezi Julai na kikosi kidogo, na Mubarak pamoja naye, kwa kuwa bila yeye asingeweza hata kuomba maji ya kunywa. Tarehe 3 Agosti 1858 wakapanda kilima katika pande za Mwanza, na ziwa likawa mbele yao, na visiwa vya Ukerewe kwa mbali.

Sasa msomaji wa Bunda, ambaye ufuko wake umo katika ghuba ile ile waliyoitazama, na asikilize yaliyofuata. Speke alitaka kujua ziwa lile linafika wapi upande wa kaskazini. Swali lilitoka kwake kwa Kihindustani, likaingia kwa Mubarak, likatoka kwa Kiswahili, likafika kwa mwenyeji kwa lugha yake. Mwenyeji mmoja, aliyesemwa kuwa ametembea sana, hakujibu kwa hesabu. Aligeuka kaskazini, akanyoosha mkono wake wa kulia, akapiga vidole mara nyingi kuonyesha umbali usiopimika, kisha akasema hakuna anayejua mwisho wake, ila huenda unafika mwisho wa dunia. Jibu likarudi kwa njia ile ile. Na kwa jibu hilo, pamoja na vipimo vyake vichache, Speke akaamua kwamba ameliona chimbuko la Nile, akaliita ziwa kwa jina la malkia wake.

Aliporudi Kazeh, Burton hakumkubalia. Na moja ya hoja zake ilikuwa hii ya lugha: kwamba Speke aliuliza kwa Kihindustani kibovu, Bombay akakielewa vibaya, akakifasiri vibaya zaidi, na mwenyeji akajibu asichoulizwa. Waliosoma elimu ya hadithi wataitambua mara moja namna ya ubishi huu. Ni ubishi wa isnadi. Habari imepita kwa wapokezi watatu, na kila mpokezi hupimwa kwa mambo mawili, uadilifu wake na udhibiti wake. Yaani je, ni mkweli, na je, hufikisha alichosikia kama alivyokisikia? Juu ya uadilifu wa Mubarak, Burton mwenyewe alikwisha kuutolea ushahidi. Alichokitilia shaka ni udhibiti. Na shaka hiyo kielimu haikuwa dhuluma, kwani mlolongo ule kweli ulikuwa dhaifu. Dhuluma ni kwamba wabishi walikuwa wawili, wakabishana miaka sita katika magazeti na vikao vya London, na wa katikati ya isnadi, aliyekuwepo kilimani na aliyezisikia lugha zote, hakuitwa na yeyote kutoa kauli yake.

Speke alirudi tena Afrika mwaka 1860, safari hii pamoja na James Grant, na aliyemtafuta kwanza alikuwa Mubarak. Walipita Unyanyembe na Karagwe hadi kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, ambako maneno ya Speke yalifika kwa Kabaka kwa kupitia Mubarak na mkalimani mwingine baada yake. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama Jinja, pale maji ya ziwa yanapotoka kuanza safari ya Nile. Ni katika safari hiyo, huko Buganda, Speke alipompiga Mubarak ngumi za uso baada ya kugombana juu ya amri. Miaka tisa baadaye mwandishi mwingine alipomwona Mubarak kwa mara ya kwanza, kitu kimojawapo alichokiandika ni pengo katika meno yake ya juu, na ngumi iliyolifanya. Jambo hilo aliliandika kama mtu anayeeleza kovu la ng'ombe wa jirani. Vitabu hivyo vinasema pia kwamba Mubarak alikuwa akinywa pombe, na hatukusudii kumtakasa. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Ila tuseme tu kwamba kila tunachokijua juu ya aibu zake tumekijua kwa kalamu za waliompiga.

Waliteremka na Nile, wakafika Gondokoro Februari 1863, kisha Khartoum na Cairo. Wapagazi na askari waliovumilia hadi mwisho hawakufika ishirini, nao walipigwa picha pale Cairo kabla ya kurudishwa Zanzibar kwa bahari. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimpa Mubarak nishani ya fedha. Speke hakuishi muda mrefu. Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliopangwa baina yake na Burton katika mji wa Bath, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Ukweli wa ziwa ulithibitika mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipolizunguka lote kwa mashua, akipita pwani zetu hizi za Mara, pande za Majita, kuelekea kaskazini. Ilionekana kwamba ni ziwa moja, na kwamba mwenyeji yule wa Mwanza aliyepiga vidole hakukosea sana.

Huyo Stanley ndiye mwandishi aliyeliona lile pengo la meno. Mwaka 1871 alikuwa amekuja kumtafuta Livingstone, akamwajiri Mubarak kuwa kiongozi wa askari wake. Waliondoka Bagamoyo mwezi Machi, wakamkuta Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka huo. Stanley naye alikuwa mwepesi wa fimbo, na Mubarak, aliyekwisha kuwa mtu wa makamo mwenye mvi, aliionja.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa ya Verney Lovett Cameron, iliyoondoka Bagamoyo Machi 1873. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mwanzoni mwa mwaka huo huo alifika Zanzibar Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, kumtaka Sultani Barghash azuie biashara ya watumwa kwa bahari. Mkataba ulitiwa saini mwezi Juni 1873, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mubarak hakuwepo kushuhudia. Alikuwa njiani bara, ameongoza wapagazi. Mwezi Oktoba, wakiwa Unyanyembe, ikawafikia habari ya kifo cha Livingstone, na aliyeileta alikuwa Chuma, Myao mwenzake. Chuma naye aliwahi kukaa Bombay, kwani Livingstone alipovuka bahari mwaka 1864 alimwacha huko katika shule ya wamisionari. Basi katika kambi moja ya Tabora wakakutana Wayao wawili, wote waliofungwa kamba utotoni, wote waliopitia India, mmoja akitoka huko na dini ya wamisionari na mwingine akiwa na jina la Mubarak. Tungetamani sana kujua usiku ule walizungumza lugha gani. Walioandika hawakuona kuwa hilo lina maana.

Cameron na watu wake waliendelea magharibi, wakavuka Kongo, wakaifikia bahari ya Atlantiki katika pwani ya Angola mwezi Novemba 1875. Mubarak akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuandikwa kwamba wamevuka bara hili kutoka bahari hadi bahari katika pande hizi za ikweta. Akarudishwa Zanzibar kwa njia ya bahari. Waliojumlisha safari zake zote wanakadiria kwamba alitembea takribani kilomita 9,600, nyingi kwa miguu. Hajatajwa Mzungu yeyote wa zama zile aliyekuwepo katika safari zote hizo; waliokuja walipokezana, na aliyebaki ni yeye.

Mwaka 1876 Jumuiya ya London ikamwekea malipo ya kila mwaka hadi mwisho wa uhai wake, naye akatulia Zanzibar.

Siku hizi walimu huwapeleka wanafunzi Mwitongo, Butiama, kuona makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na ni jambo jema, kwani mtoto huona kwa macho vitu alivyovishika mtu aliyemsikia kwa masikio. Mubarak hana mahali kama hapo. Ghuba inayopakana na Bunda imeandikwa kwenye ramani kwa jina la Speke. Ziwa limeandikwa kwa jina la malkia ambaye hakuliona. Jina la mkalimani halipo katika ghasia hiyo ya majina, si kwenye kisiwa, si kwenye rasi, si kwenye mwalo. Wazazi wakipata nafasi wakiwa ufukweni na watoto, wawaambie kwamba siku ile kilimani alikuwepo mtu wa kwetu, Muislamu, aliyewahi kuuzwa, na kwamba maneno yalipita kwake.

Alifariki mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano hivi. Mwezi Agosti wa mwaka huo huo manowari za Kijerumani zilikuwa zimetia nanga mbele ya Zanzibar, zikimtaka Sultani akubali kwamba bara lile, kutoka pwani kuelekea kwenye maziwa, sasa ni mali ya Ujerumani. Njia zilizokuwa katika ramani zao ni zile alizozipita Sidi Mubarak. Mwenyezi Mungu amrehemu.